Mlio wa "Tak" Nyuma ya Friji

Sigi, iliyo chini ya milima ya Usambara Mashariki, ina joto linalolifanya friji kuwa chombo cha lazima katika duka la soda. Lushoto, iliyo Usambara Magharibi kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hupata usiku wa Julai ambao joto lake hushuka chini ya nyuzi 16. Kwa sababu hiyo, friji lililonyamaza Lushoto na friji lililonyamaza Sigi huenda yana maradhi tofauti.

Katika baridi ya Lushoto, temostati, yaani swichi inayopima ubaridi ndani ya friji na kuamuru kompresa iwake, yaweza kuona kwamba hakuna kazi ya kufanya. Kibandiko cha friji huwa na herufi za tabianchi: N au T huashiria chombo kilichoundwa kwa chumba chenye nyuzi 16 au zaidi, na SN kuanzia nyuzi 10. Taa ikiwaka na kompresa ikawa kimya kabisa, bila hata mlio mdogo, uchunguzi huanzia kwenye temostati.

Mlio ukisikika, iwe Sigi au Lushoto, habari ni nyingine. Kompresa, ule mtungi mweusi wa chuma ulio chini kwa nyuma, ina mota yenye koili mbili: ya kukimbizia, ambayo hupata umeme muda wote wa kazi, na ya kuanzishia, ambayo huupata kwa muda mfupi sana hadi mota ishike mzunguko. Kinachoikatia koili ya pili umeme ni relei, ambayo katika friji nyingi za sasa ni kidonge cha kauri ambacho kikipata moto huzuia umeme usipite. Mota ikishindwa kuzunguka huvuta umeme mwingi, ikaunguruma kidogo, kisha ovalodi, yaani kikata umeme kinachoilinda isiungue, hulia "tak". Baada ya dakika chache ovalodi hupoa na kila kitu huanza upya.

Mafundi wengi wakisikia hivyo hutangaza kwamba kompresa imekufa, hukumu ambayo mara nyingi hutolewa mapema mno. Nguvu ya mota ya kuanza hufuata mraba wa volti, kwa hiyo nyumba iliyo mbali na transfoma, ikipata volti 180 badala ya 230, huiachia mota takriban asilimia 61 tu ya nguvu yake. Volti zipimwe wakati friji linapojaribu kuwaka, kwa kuwa soketi iliyolegea huonekana nzima hadi ibebeshwe mzigo. Umeme uliokatika ukirudi ghafla, friji lisubirishwe angalau dakika tano, ili relei ipoe na shinikizo la gesi lisawazike pande zote mbili.

Umeme ukiwa sawa, plagi huchomolewa na kapasita, kama ipo, huondolewa chaji kwanza, kisha relei huvutwa na kutikiswa: ikichakacha kama maharage makavu kwenye kopo, kidonge kimepasuka, na hubadilishwa kwa relei ya aina ileile. Pini tatu za kompresa hupimwa kwa mita ya omu, ambapo vipimo viwili vidogo vikijumlishwa vinapaswa kulingana na kile kikubwa, kwa mfano 10 na 20 dhidi ya 30, na pini yoyote ikipimwa na mwili wa chuma mita isisome kitu. Ikisoma, koili imegusa chuma na friji lisichomekwe tena.

Koili zikiwa salama, relei ikiwa mpya, volti zikitosha na "tak" ikiendelea, huenda pistoni imekwama ndani ya mtungi uliofungwa, na kuikwamua ni kazi ambayo haifanyiki nyumbani. Friji nyingi mpya hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto, hivyo moto wa kuchomelea usiwashwe kwenye jiko la familia.