Gita Lisipakwe Kama Mlango

Mji wa Koboko umekaa pembeni kabisa mwa Uganda, mahali ambapo nchi yetu inakutana na Kongo na Sudan Kusini. Nyimbo za gita hazina haja ya pasi ya kusafiria, na askari aliyepata kulinda mpaka huo, au kutumika Arua, hawezi kukosa kuzisikia. Kambini nako gita halikosekani. Lakini likichubuka, aghalabu hupelekwa kwa mpaka rangi wa milango, naye hulipaka kama mlango. Tangu siku hiyo gita hupoteza nusu ya sauti yake.

Sababu si ngumu kufahamika. Uzi peke yake hauna sauti ya kutosha. Kinachovuma ni ubao wa mbele, ambao unene wake ni milimita mbili au tatu hivi. Rangi nzito huwa mzigo juu yake. Waaluri wa Nebbi, Zombo na Pakwach huchonga adungu, kinubi chenye shingo iliyopinda, na tumbo lake hufunikwa kwa ngozi iliyoloweshwa, ambayo hukaza inapokauka. Ubao wa gita ni sawa na ngozi ile: kazi yake ni kutetemeka, na fundi hana budi kuuachia nafasi.

Basi kazi huanza kwa msasa. Yafaa ifahamike kuwa msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani, ulikuwa mti, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi wa Afrika wamelainisha mbao kwa majani hayo tangu kale, na kwa kumalizia kazi bado yanafaa. Sugua kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, kamwe usizikate. Kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Vinyweleo vya mbao vitasimama. Acha vikauke, usugue tena. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii, na kasoro huonekana baada ya kung'arisha, wakati umeshapita. Mbao ikiwa ni mvule, funika pua na mdomo, kwani vumbi lake huwasha na huweza kuleta pumu.

Wazee waliotumika katika KAR walipaka mafuta ya kitani kwenye mbao za bunduki zao za Lee-Enfield. Ufundi ule ule unafaa kwa shingo ya gita: mafuta kidogo, subiri yanywewe, futa yote yaliyobaki, ngoja siku kadhaa, rudia. Ubao wa mbele usiupake mafuta.

Ubao huo hung'arishwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wa India na Thailand, ulioyeyushwa katika spiriti. Funga pamba ndani ya kitambaa kilichochakaa, kichovye kidogo, utie tone moja la mafuta ili kisinate, halafu zungusha mkono kwa duara na kwa umbo la nane. Mkono usisimame juu ya ubao hata nukta moja, maana kitambaa kitanata na kung'oa kazi yote. Tabaka ni nyingi, nyembamba mno. Wakati wa mvua shelaki hugeuka nyeupe kama maziwa kwa sababu ya unyevu. Miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, ndiyo mizuri. Shelaki haistahimili joto wala pombe (wapiga gita wa kantini wasikie). Hata hivyo mimi naipendelea kuliko vanishi, kwa kuwa tabaka jipya huyeyukia katika lile la zamani, na mkwaruzo hurekebishwa bila kubandua kitu.

Kwa askari anayekaribia kustaafu, vifaa vya kazi hii vinaenea katika sanduku moja. Asiyejua hatari yake, hata hivyo, aweza kuteketeza bweni. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikirundikwa hupata joto vyenyewe, na huweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja, ama vitie majini katika kopo la bati lenye kifuniko. Spiriti nayo ikae mbali na jiko.

Gita lililokwisha kung'arishwa lipewe wiki kadhaa kabla ya kutiwa mfukoni, la sivyo alama za kitambaa cha mfuko zitabaki usoni mwake.