Sungura na Chura: Nani Mlezi Bora?

Katika hadithi za wazee wetu sungura ndiye mwenye akili, naye chura hutajwa kwa kelele zake tu, ambazo hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini mtu akichunguza jinsi viumbe hawa wawili waleavyo watoto wao, huenda akabadili hukumu yake.

Tumtazame kwanza sungura wa mbugani, ambaye Linnaeus alimpa jina la kitaalamu, Lepus capensis, mwaka 1758. Sungura huyu hachimbi shimo. Mama huchukua mimba kwa siku 42 hivi, kisha huzaa juu ya ardhi, penye majani. Watoto huzaliwa wana manyoya na macho yaliyofumbuka. Mama huwaacha wamejificha kimya, akaja kuwanyonyesha usiku kwa muda mfupi tu, asije akamwonyesha adui mahali walipo. Baba hana kazi yo yote katika malezi hayo.

Sasa tumtazame chura mkubwa wa nchi kavu za kusini na mashariki ya Afrika, aitwaye Pyxicephalus adspersus. Dume hufikia sentimita 20 na zaidi, naye humshinda jike kwa ukubwa, jambo lisilo la kawaida kwa vyura. Wakati wa kiangazi hujizika ardhini, amejifunika ngozi yake iliyobambuka ili asikauke. Mvua kubwa inyeshapo hutoka. Jike hutaga maelfu ya mayai katika maji machache, akaenda zake. Dume ndiye abakiaye kulinda. Humrukia na kumuuma kila akaribiaye, hata aliye mkubwa kuliko yeye. Jua likikausha dimbwi, huchimba mfereji kwa miguu yake ya nyuma mpaka kwenye maji mengi, viluwiluwi wapate kupita. Kweli, huwala baadhi yao. Lakini pasipo mfereji ule wangekufa wote.

Kila mmoja hulea kwa kadiri ya haja. Mtoto wa sungura huweza kukimbia upesi. Kiluwiluwi hawezi kuliacha dimbwi lake. Basi, popote aishipo chura huyu, mkulima asiharakishe kulifukia dimbwi la mvua wala kuoshea humo bomba la dawa ya wadudu. Chura hula wadudu wengi waharibuo mimea, na dimbwi la majuma machache ndilo kitalu chake cha pekee.