Nyumba ina ufa? Anza na maji

Kibondo na Kasulu, nyumba nyingi za zamani ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye bati huchimba chini ya ukuta, msingi ukabaki wazi, kisha ufa ukatokea.

Usikimbilie kupiga lipu. Kwanza chimba mtaro utakaopeleka maji mbali. Pili, weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe. Ufa ukivuka alama, msingi bado unatitia, mwite fundi.

Msingi uliolika hujazwa mawe na zege kwa vipande vya mita 1, kimoja kikikomaa ndipo kingine. Ukichimba upande mzima kwa pamoja, ukuta unaweza kuanguka.

Ukuta ukianza kuinama, msilale humo.