Kutoka Biashara Street hadi Langoni: Uchumi wa Maduka ya Ukoo Mombasa

Biashara Street ya Mombasa inaanzia Digo Road na kuelekea magharibi. Ng'ambo ya Digo Road, upande wa Mji wa Kale, liko soko la Marikiti, lililoitwa Mackinnon enzi za ukoloni, na karibu yake zinapita Langoni Road na Nehru Road, mitaa ya viungo. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na katika mwendo huo maduka mengi ni ya mtu mmoja au ya ukoo mmoja. Hayana tawi wala bodi ya wakurugenzi. Anayekaa nyuma ya kaunta ndiye mwenye mali, au mwanawe, au mpwa wake. Maduka makubwa ya kujihudumia yalikuja Mombasa, mengine yakaanguka, na mtaa huu bado unafungua milango kila asubuhi. Kinachouweka hai ni ujuzi wa bidhaa, mkopo wa kuaminiana na kodi nafuu ya nyumba. Viwili vya kwanza ni vya wenye maduka wenyewe. Cha tatu si chao.

Biashara Street kwanza ni mtaa wa leso, ambazo Tanzania huitwa kanga. Leso huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili ambavyo havijakatwa, kila kimoja na pindo lake, mji wake na jina lake. Jina ndilo huamua kama mzigo utakwenda au utalala rafuni. Ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, ambao duka lake la hapo mtaani linahesabu umri tangu 1887, ulichapa alama yake juu ya kitambaa chenyewe, "Mali ya Abdulla", na kizazi baada ya kizazi cha wanawake wa pwani kimenunua kwa kuitazama alama hiyo. Viwanda vya kuchapa leso vimehamahama, kutoka Ulaya hadi Japani, kisha India na Uchina, lakini kuchagua rangi na maneno kumebaki kwa wafanyabiashara wa huku. Ndipo ulipo uwezo wao. Kiwanda cha ng'ambo kinajua kuchapa kitambaa. Hakijui ni maneno gani ambayo mke mwenza atanunua leo jioni ili ayavae kesho mbele ya mwenzake.

Serikali nazo zimeitia mkono biashara hii. Katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, kanga, kikoi na kitenge zimo kwenye orodha ya bidhaa nyeti, na ushuru wake ni asilimia 50. Nia ilikuwa kuvilinda viwanda vya nguo vya kanda hii. Kwa mwenye duka anayeagiza mzigo halali, maana yake ni kwamba nusu ya thamani ya bidhaa huongezwa bandarini kabla doti moja haijafunguliwa, na anashindana na mzigo uliopenya bila kulipiwa.

Mbele ya maduka, barazani, hukaa mafundi wa cherehani. Doti ikitoka dukani hupita kwao: fundi huikata katikati, akageuza kingo zilizokatwa na kuzipinda kwa mshono mmoja mwembamba, huku mteja amesimama na mfuko mkononi. Fundi huyu kwa kawaida si mwajiriwa wa duka. Ana wateja kwa sababu duka lipo, na duka nalo hupata sifa ya kuuza leso iliyo tayari kuvaliwa bila kumlipa mshahara mtu yeyote. Mtaa mzima umejengwa kwa mafungamano madogo ya namna hii, na hesabu ya duka moja peke yake haiyaoneshi.

Ukivuka Digo Road, harufu hubadilika kabla ya bidhaa kuonekana. Magunia yamekunjwa midomo na kupangwa mlangoni: bizari nyembamba, dania, uwatu, pilipili manga, mdalasini, manjano ya vidole na ya unga. Vitu vya thamani viko ndani, iliki kwenye mikebe, zafarani ndani ya visanduku vidogo karibu na droo ya fedha. Mnunuzi mzoefu hataji gramu. Husema anapika pilau ya kilo mbili, au biriani ya watu hamsini, au anataka vya chai, na muuzaji huchota huku na huku, mkono ukijua uzito kabla ya mizani. Kama mteja ana shaka, huvunjiwa kijiti cha mdalasini puani pake, au huambuliwa iliki moja aone kama mbegu za ndani bado nyeusi na zinanata, kwa kuwa iliki kuukuu huwa na mbegu kavu za rangi ya kahawia. Huduma hii hailipiwi. Lakini ndiyo inayomfanya mteja ampite muuzaji wa pakiti zilizofungwa kiwandani, ambazo hazinusiki wala hazionjeki.

Duka la viungo lenye upana wa mlango mmoja huuza mali ya mabara matatu. Karafuu ni za Pemba na Unguja. Iliki nyingi inayozunguka duniani hutoka Guatemala, nchi inayoongoza kwa kuiuza nje, ingawa ipo pia ya India na ya milima ya Tanzania. Zafarani hutoka Iran, na bizari nyembamba hutoka hasa India, ambako soko la Unjha jimboni Gujarat ndilo hupanga bei. Mwaka 2023 bei ya bizari huko Unjha ilivunja rekodi baada ya mavuno kuwa haba. Miezi michache baadaye shilingi ya Kenya nayo ikateleza: Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imerudi karibu na 130. Aliyejaza ghala mwezi Januari alikuwa na mali ghali, na jirani aliyesubiri akaagiza ile ile kwa bei ya chini. Benki haina kinga ya kumpa mtu wa ukubwa huo. Kinga yake ni pakiti. Bei ya rejareja ya mtaani hushikamana na sarafu, shilingi kumi, ishirini, hamsini, na kiungo kikipanda ni ujazo unaopungua, si bei inayobadilika. Wakenya wameupa mtindo huu jina la uchumi wa kadogo. Unamsaidia maskini kupika leo, lakini kwa kilo humgharimu zaidi kuliko tajiri, na hilo ni doa la kweli katika biashara ambayo vinginevyo inamhudumia vizuri.

Pamoja na viungo huuzwa vyakula vilivyokwisha tengenezwa, na hapa faida ni nono zaidi. Halua hupikwa kwa sukari, wanga, samli, iliki, zafarani na lozi, ikikorogwa mfululizo kwa mwiko mrefu juu ya moto kwa saa mbili au zaidi. Ikiachwa kidogo hushika chini na sufuria nzima ni hasara. Malighafi zake karibu zote zinapatikana kwa yeyote. Kinacholipiwa ni mkono na jina la mpishi. Ni hivyo hivyo kwa mabuyu yaliyopakwa sukari, rangi na pilipili, achari ya maembe na ya ndimu, tambi na njugu za kukaanga, kashata na krisps za mhogo. Maembe na mabuyu hununuliwa kwa bei ndogo kwa wachumaji wa Kilifi na Kwale, na yakifika kaunta yakiwa na sukari na pilipili thamani yake imepanda mara kadhaa. Kazi nyingi ya kati hufanywa na wanawake majumbani, wanaoleta ndoo na madebe dukani na kulipwa kwa kilo. Hawamo kwenye ubao wowote wa jina la duka, nao ndio nusu ya sifa yake.

Mpangilio wa fedha wa mtaa huu ni wa zamani kuliko benki zake. Familia za Mabohora, Makhoja, Wamemoni, Wabaniani na Washihiri wa Hadhramaut zilijenga biashara kwa mkopo wa mdomo: mkubwa humpa mdogo mzigo, mdogo huuza, kisha hurudisha fedha. Mfano unaotajwa zaidi ni Alidina Visram, aliyefika pwani kutoka Kutch mwaka 1863 akiwa bado mtoto, akaja kuwa na maduka kutoka pwani hadi Uganda, mengi yakifuata reli; shule yenye jina lake iko Mombasa hadi leo. Mali kauli, kama wafanyabiashara wanavyoiita, haina riba iliyoandikwa, lakini haikosi gharama, kwa kuwa anayechukua kwa mkopo hupewa bei ya juu kidogo na hawezi kuhama kwa muuzaji mwingine kabla hajamaliza deni. Upande wa mteja kuna daftari. Familia huandikiwa mchele, sukari na viungo mwezi mzima na kulipa mshahara ukiingia. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 deni hilo mara nyingine hulipwa na mtoto aliye Nairobi au Ghuba, kwa simu, bila yeye kukanyaga dukani.

Mkopo huu unaeleza pia kwa nini maduka makubwa hayakuumeza mtaa. Nakumatt ilikuwa mnyororo mkubwa kuliko yote nchini. Ililemewa na madeni ya wasambazaji wake, na Januari 2020 wadai walipiga kura ivunjwe. Duka la ukoo likidaiwa, mwenyewe hukutana na mdai wake msikitini, sokoni na harusini, kwa hiyo huanza kulipa mapema. Minyororo ya Naivas na Carrefour sasa ina nguvu, na kwa sabuni, unga na mafuta ya kupikia mtaa umeshindwa waziwazi. Umebakiza kile kinachohitaji kunuswa, kuonjwa, kupatanwa bei au kuandikwa daftarini.

Masharti ya serikali yamekuwa mengi kwa muda mfupi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 ilirudisha karatasi kaunta. Kodi ya mauzo kwa biashara zenye mapato ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka ilipanda kutoka asilimia 1 hadi 3 mwezi Julai 2023, nayo hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS haikubaliwi katika hesabu za kodi. Muuza achari anayenunua maembe kwa mkulima asiye hata na simu ya kisasa amewekewa mzigo mzito.

Urithi ni tatizo la ndani. Watoto wa wenye maduka wamesoma. Wengi ni wahasibu, wafamasia na wahandisi, wengine wako Toronto, London au Dubai. Anayebaki si lazima awe ndiye anayependa biashara. Maduka yaliyopata mrithi mara nyingi yamebadilika naye: bei ya jumla hutumwa kwa WhatsApp, na vifurushi vya mabuyu na viungo husafirishwa kwa jamaa walioko ng'ambo.

Yaliyobaki ni nyumba, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko ushindani wowote. Wapangaji wengi wa mtaa huu hawamiliki jengo. Wamelindwa na sheria ya mwaka 1965 ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, sura ya 301. Kwa sheria hiyo, mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, ana upangaji uliodhibitiwa: mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi wala kumtoa bila notisi ya namna maalumu ya angalau miezi miwili, na mpangaji akipinga, shauri huenda mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara, notisi ikisimama hadi uamuzi utoke. Majengo mengine ni ya wakfu, ambayo hayauzwi. Kwa njia hizo mbili kodi za maduka mengi zimekaa chini kuliko soko lingetaka. Pengo hilo lina bei yake: anayeondoka humwachia anayeingia duka kwa kilemba, kiasi cha fedha ambacho hakimo kwenye risiti ya kodi ya nyumba. Kwa mzee aliyekaa miaka arobaini, kilemba ndicho kiinua mgongo chake.

Lakini sheria hiyo hiyo inataja sababu ambazo mwenye nyumba akizithibitisha humtoa mpangaji, na mojawapo ni kwamba anakusudia kubomoa na kujenga upya. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na nyumba zake zina ulinzi fulani. Sehemu kubwa ya njia hii, hasa Biashara Street, iko nje ya mpaka huo. Thamani ya kiwanja imepanda, ghorofa mbili za zamani zenye duka chini na makazi juu hazilipi kama ghorofa saba, na ombi la kubomoa ni karatasi tu. Jengo jipya likisimama, chini yake hugawanywa vibanda vya milango ya kioo, kila kimoja kwa kilemba chake. Humo huuzwa simu, viatu na nguo za watoto. Muuza viungo, anayehitaji baraza ya kuwekea magunia na ghala kavu nyuma, hana pa kuingia.