Mtoto wa Alama za Wastani Naye Ana Chuo Chake

Kila mara matokeo ya mtihani wa Sinia ya Sita yanapotangazwa nchini Uganda, katika nyumba za askari husikika vigelegele, na pengine kimya. Kimya hicho humhusu kijana aliyefaulu, ila si sana: prinsipo moja na sabsidiari mbili. Baba yuko kikosini mbali na nyumbani. Mama ameshika karatasi ya matokeo, na jirani amekwisha kupita kueleza kwamba mwanawe anakwenda Makerere.

Hapo ndipo makosa hufanyika. Asomaye shahada moja kwa moja hutakiwa awe na prinsipo mbili alizozipata katika mtihani mmoja. Mwenye moja mlango wake ni diploma. Lakini mzazi huona haya, akatafuta mahali popote penye jina la chuo kikuu, akachukua mkopo Wazalendo au Exodus, na mshahara ukakatwa miaka kadhaa kwa ajili ya cheti ambacho mwajiri huenda asikitambue.

Afadhali kuanza na kijana mwenyewe. Yule afunguaye redio iliyokufa mpaka ikazungumza tena, na ambaye hesabu na fizikia hazikumshinda, hapungukiwi na kitu akisomea umeme au ujenzi katika chuo cha ufundi cha Elgon, Mbale, au Kichwamba, karibu na Fort Portal. Apendaye shamba ataipata Bukalasa. Apendaye misitu na nyuki, Nyabyeya iko Masindi. Wala diploma si mwisho wa safari, kwa kuwa vyuo vikuu vya serikali hupokea wenye diploma nzuri wanaotaka kuendelea na shahada. Jirani naye akumbushwe, kwa upole, kwamba Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza 14 walijifunza useremala, ujenzi na umakanika.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mama aende akakione chuo. Aingie karakana, atazame kama mashine zinafanya kazi au zimefunikwa vumbi. Aulize jumla ya gharama zote: ada, mtihani, malazi, na miezi ya mazoezi kazini, ambayo aghalabu husahauliwa. Ikiwa ni chuo kikuu, aulize katika Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama kozi ile imepitishwa, na idhini yake itakwisha lini. Maana chuo huweza kuwa halali, na kozi yake isiwe.

Amri ya paredi haifai katika shauri hili. Kijana aliyesukumwa katika uhasibu asioupenda hutoroka darasani, na hapana mlinzi wa zamu atakayemrudisha. Baba apigapo simu kutoka kikosini, azungumze kwanza na kijana, kisha ndipo azungumze na mama.