Jumamosi na Dominika za Mwanafunzi Aliye Ughaibuni



Kila mwaka baadhi ya vijana wa Jimbo Kuu letu la Songea huondoka kwenda kusoma nje ya nchi. Wazazi huhangaikia pasipoti, viza, nauli na koti la baridi. Paroko huombwa baraka, na wanajumuiya huchanga walichojaliwa. Maandalizi hayo karibu yote huelekezwa kwenye siku za masomo. Jumamosi na Dominika hazizungumzwi, nami nimeona kwamba ndizo zinazomjenga kijana au kumbomoa.

Nilipata kusoma München, kusini mwa Ujerumani. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa mwanafunzi huongozwa na ratiba. Ifikapo Jumamosi wenyeji hurudi kwao, mabweni hunyamaza, na mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi na nusu jioni. Dominika maduka karibu yote hufungwa, kwa kuwa pumziko la siku hiyo hulindwa hata na katiba ya nchi. Aliyezoea kununua unga kwa jirani hata saa tatu usiku hujikuta hana mkate. Yalinipata mimi: Dominika yangu ya kwanza nilishinda kwa chai na karanga alizonifungia mama.

Katika ukimya huo wengi hudhani kwamba wamebaki bila parokia mpaka watakaporudi nyumbani. Sivyo. Kadiri ya Sheria za Kanisa (kan. 102 na 107), mtu anayehamia mahali kwa nia ya kukaa angalau miezi mitatu hupata pale makao ya muda, na kwa makao hayo hupata paroko wake na askofu wake wa mahali. Mtoto wetu anayeanza masomo München, Roma au Guangzhou si mgeni wa kusimama mlangoni. Ana haki ya kuhudumiwa kama mwanaparokia. Kanuni ya 813 humdai askofu wa mahali awahudumie wanafunzi kwa juhudi ya pekee, ikibidi hata kwa kuwaundia parokia yao. Ndiyo maana katika miji ya vyuo vikuu Ujerumani ipo jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki, inayojulikana kwa kifupi kama KHG, yenye padre au mlezi wake, Misa zake na meza yake ya chakula. Huko Guangzhou, katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, Waafrika wengi hukutana Dominika katika Misa ya Kiingereza. Asiyeelewa lugha ya mahali asikae chumbani akingoja aielewe kwanza. Muundo wa Misa ni uleule. Anaweza kusoma masomo ya siku kwa Kiswahili kabla ya kwenda, kisha akasali pamoja na wenzake.

Amri ya Dominika inabaki ileile ughaibuni, lakini Kanisa limeiwekea nafasi pana kuliko wengi wanavyojua. Anayeshiriki Misa jioni ya Jumamosi ametimiza wajibu wake (kan. 1248). Tena kanuni ya 1247, pamoja na kudai Misa, inadai tujiepushe na kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana na pumziko la roho na mwili. Sehemu hii ya pili ndiyo inayovunjwa kimyakimya, na mara nyingine sisi wa nyumbani tuna mkono wetu humo.

Mzee mmoja alinifuata sakristia baada ya Misa akaniomba nizungumze na mwanawe, mwanafunzi wa uhandisi huko Ujerumani. “Padre, kijana amepoa. Haendi kanisani, na hata simu hapokei.” Nilipompata kijana yule, nilikuta hajapoa imani; alikuwa amechoka. Usiku wa Jumamosi alikuwa akiosha vyombo hotelini hadi alfajiri, mchana wa Dominika akilala, jioni akirudi kazini. Mitihani miwili ilikuwa imemshinda. Nilipomuuliza sababu, alinionyesha ujumbe mfupi kutoka nyumbani: mabati, ada ya mdogo wake, mbolea, msiba wa shangazi, mabati tena. Hakuna ombi hata moja lililokuwa baya. Yote kwa pamoja yalikuwa yamemnyang’anya Dominika.

Tangu mwaka 2024 sheria ya Ujerumani humruhusu mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Kiwango hicho kimekusudiwa kumsaidia ajikimu, si kujenga nyumba Songea. Nilirudi kwa mzee nikamweleza hesabu hiyo. Hakupendezwa nami siku ile.

Jumamosi nayo ina matumizi yake. Asubuhi ni ya kufua, sokoni na kujisomea. Mchana kijana asiogope kutoka. Watanzania hukusanyika kupika ugali na kuchoma nyama, na mtu asiyeonekana pale anapaswa kutafutwa, kwa maana anaweza kuwa mgonjwa wa mwili au wa moyo. Huko München, nilipokuwa nikisoma, majumba makubwa ya picha yaitwayo Pinakothek yalitoza euro 1 tu siku ya Dominika, nami nilikwenda baada ya Misa mara nyingi kuliko nilivyomwambia profesa wangu.

Lakini matembezi ninayoyasifu zaidi ni ya St. Ottilien. Kutoka stesheni kuu ya München, treni ya S4 hufika Geltendorf kwa muda usiofika saa moja, kisha ni mwendo wa miguu kati ya mashamba. Huko ndiko walikotoka Wabenediktini walioanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898, akiwemo Cassian Spiss, aliyekuja kuwa askofu na kuuawa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji. Ndani ya abasia mna makumbusho ya kimisionari yenye vitu vilivyoletwa kutoka Afrika Mashariki. Nilisimama mbele ya vioo vile kwa shukrani na kwa uchungu pia, kwa kuwa kizazi kilichopokea Injili Ungoni ndicho kilichoona wazee wake wakinyongwa Songea mwaka 1906. Kijana wa Ruvuma akisali masifu ya jioni pamoja na watawa wa pale atagundua kwamba hajafika ugenini kabisa.

Nawaomba wazazi na maparoko jambo dogo: kijana asiondoke bila cheti chake cha ubatizo na kipaimara, na bila kujua jina la kanisa lililo karibu na bweni lake. Huko Ujerumani ataulizwa dini yake anapojiandikisha. Asiifiche kwa hofu ya kodi ya Kanisa. Katika Bavaria kodi hiyo ni asilimia 8 ya kodi ya mapato, na asiyedaiwa kodi ya mapato hadaiwi hiyo pia.

Mzee yule siku hizi humpigia mwanawe Dominika saa kumi jioni, ambayo kule ni saa nane mchana wakati wa baridi na saa tisa wakati wa kiangazi. Kijana amebakiza zamu moja tu, ya Ijumaa. Mabati yamesimama kwanza. Nilipopita kwao mwezi uliopita niliwakuta hewani wakibishana kama mahindi yauzwe sasa au yangojewe yapande bei, na mama akidai simu ili aulize somo la kwanza lilikuwa lipi.