Utumbo Nao Uende Mazoezini

Februari 1982, huko Kona, Hawaii, Julie Moss alikuwa akiongoza upande wa wanawake katika shindano la Ironman, hatua chache tu kabla ya utepe. Alikuwa na miaka 23, mwanafunzi aliyejiandikisha ili apate cha kuandika katika utafiti wake wa chuo kuhusu mwili na mazoezi. Alikwisha kuogelea kilomita 3.8, akaendesha baiskeli kilomita 180, na marathoni ilikuwa inakaribia kwisha. Ghafla miguu ikagoma. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita pale pale, naye Moss akafika akitambaa, sekunde 29 nyuma. Kamera za televisheni zilinasa yote, na picha hizo zilipoonyeshwa dunia ikaijua triatloni, mchezo huo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia.

Ukitazama picha zile utadhani ni miguu iliyoshindwa. Fanya hesabu ya nishati kwanza. Mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glikojeni: gramu 400 hivi kwenye misuli, na kama 100 kwenye ini. Gramu moja hutoa kilokalori 4, kwa hiyo ghala lote lina takriban 2,000. Siku ya Ironman mtu anaweza kuchoma zaidi ya 8,000. Mafuta ya mwilini yapo ya kutosha hata kwa mwembamba, ila huungua taratibu, na kadiri unavyokaza mwendo ndivyo misuli inavyodai wanga.

Basi si mwanariadha ale tu njiani? Kula ndiko kugumu. Ukijikaza, damu hukimbilia kwenye misuli na ngozi, tumbo likabaki na kidogo. Tena glukosi haipenyi utumbo mwembamba hivi hivi. Hubebwa na vibebaji maalumu, navyo huelemewa ikifika gramu 60 hivi kwa saa. Inayozidi hukaa utumboni, huvuta maji, na mwanariadha huishia kutafuta kichaka. Fruktosi, sukari ya matunda na asali, ina mlango wake mwingine. Ukizichanganya, mwanariadha aliyezoea anaweza kutumia hadi gramu 90 kwa saa.

Sukari ya dukani, ile ya kutilia chai, ni glukosi na fruktosi nusu kwa nusu. Vijiko vitano vya mezani vilivyosawazishwa, chumvi kidogo na maji ya kujaza chupa ya baiskeli, hapo una gramu 60 hivi. Jeli za paketi hazina uchawi wowote. Unalipia wepesi wa kubeba. (Chupa hiyo ni ya mtu aliye juu ya baiskeli kwa saa sita. Anayeinywa akiwa amekaa ofisini anajitafutia kisukari.)

Lakini gramu 90 ni kama ndizi mbivu tatu na nusu kila saa, saa baada ya saa, huku mapigo ya moyo yako juu. Asiyezoea atatapika. Ndiyo maana makocha huingiza tumbo kwenye ratiba: safari ndefu ya baiskeli ya kila wiki inaanza na gramu 40 kwa saa, kisha zinaongezwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Saa ya mkononi inalia kila dakika 15, mwanariadha anakula, ana hamu hana hamu. Baiskeli ndiyo meza yake. Majini hawezi kula, na kwenye kukimbia tumbo linatikisika mno.

Mazoezi yenyewe hayana makuu kama watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ni mwendo wa kuweza kupiga soga, machache tu ya kukata pumzi, na mara moja moja kushuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia papo hapo, ili miguu iuzoee ule uzito wa ajabu wa kilomita za mwanzo.

Maji nayo yana hila. Tumefundishwa kuogopa kiu, lakini kunywa kupita kiasi huzimua sodiamu ya damu; ubongo unaweza kuvimba na mtu akafa. Katika marathoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu. Kipimo rahisi ni mizani: jipime kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Ukirudi umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi.

Siku mbili kabla ya shindano, ghala hujazwa kwa gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya mwili kila siku. Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni gramu 650 au zaidi: wali, mkate mweupe, viazi, juisi, mpaka anachukia kuona sahani. Maharage na mboga za nyuzinyuzi hupumzishwa kwa muda. Na Kona, ambako wa kwanza huingia majini kabla ya saa moja asubuhi, taa za jikoni huwaka tangu saa kumi usiku. Mtu amekaa na bakuli la wali mweupe, halina hata mchuzi, anajilazimisha kumeza huku macho yakiwa kwenye chupa zake.